Kalamu Imeanguka

Wimbo ule ulianzia kwenye beseni. Kila jioni mke wa fundi aliporudi kutoka dukani alivua viatu mlangoni, akaketi kwenye kigoda na kutumbukiza miguu katika maji ya vuguvugu yenye chumvi. Kwa dakika kumi nzima hakuna aliyeruhusiwa kumwuliza lolote, si mume, si mama mkwe, wala binti zake wawili pacha waliogombea kumwongezea maji. Alikuwa keshia wa duka kubwa, lile lenye mashine sita za malipo na mlango unaojifungua wenyewe. Saa tisa kwa siku, wima. Viti vilikatazwa pale. Mteja akimkuta keshia amekaa, eti atajiona amedharauliwa.

"Mnajua nini?" alisema jioni moja huku akijikanda vidole. "Lile duka halikuniajiri mimi. Limeajiri miguu yangu. Mimi naisindikiza tu."

Pacha wakacheka. Mama mkwe, ambaye nyumba nzima na nusu ya mtaa ilimwita Bibi, alicheka mpaka akaweka chini ungo wa maharage. Fundi peke yake hakucheka. Alitazama ukutani kama mtu anayesikia mtu akimwita kutoka mbali, na mke wake aliijua vizuri sura hiyo.

"Usithubutu," akamwambia.

"Mama Pacha, nimesema kitu mimi?"

"Unasema kwa macho. Hayo maneno nimeyasema mpaka kazini, wenzangu wote wanajua ni yangu. Ukiyaimba leo, kesho mimi naitwa ofisini. Niahidi."

"Nakuahidi."

Aliahidi kwa moyo safi. Taabu ya watunzi ni kwamba mioyo yao ni safi lakini masikio yao hayana adabu.

Kwa riziki alikuwa fundi cherehani. Kwa maradhi alikuwa mtunzi wa nyimbo. Mambo yote mawili aliyafanyia kwenye kibaraza kimoja, kwenye cherehani kimoja cha kukanyaga, na mguu wake ndio uliokuwa ngoma yake. Akishona suruali nzito wimbo ulikwenda taratibu, akishona gauni la hariri wimbo ulikimbia. Maneno hakuyaandika kwenye karatasi, kwa sababu karatasi pacha walizichorea nyumba na paka. Aliyaandika kwa chaki ya fundi upande wa ndani wa kitambaa alichokuwa anakishona, kisha akayarudiarudia kimoyomoyo mpaka nguo imalizike. Nguo ikishapigwa pasi, chaki ilipotea. Mstari aliousahau kabla ya pasi, alisema, haukustahili kukumbukwa.

Wimbo ukikamilika aliingia nao kabatini, kweli kabatini, akajifungia kati ya makoti ya watu kwa sababu nguo humeza kelele za mtaa, akajirekodi kwa simu. Kutoka hapo wimbo ulitembea wenyewe, simu hadi simu. Alikuwa ameimba foleni ya zahanati. Alikuwa ameimba mtaro ulioachwa wazi mbele ya shule. Mwenye studio mmoja aliwahi kumwita akamshauri aweke mapenzi kidogo. "Mtaro hauchezeki, fundi," alimwambia. Fundi akamjibu kwamba wauzibe kwanza, watu watacheza juu yake. Studio hakurudi tena, lakini wazazi walioupata wimbo ule walileta mbao wakautandikia ule mtaro daraja, na pacha walipita hapo kila asubuhi. Kwake hayo yalikuwa malipo tosha, ingawa mke wake aliwahi kuuliza kama mwenye nyumba naye hupokea mbao.

Hakimu wa nyimbo hizo alikuwa Bibi. Akiendelea kuchambua maharage wimbo unaendelea, wimbo haujafaa. Mikono yake ikisimama, wimbo umepita.

Siku chache baada ya ahadi, mke akiwa kazini, fundi alimwimbia mama yake ubeti mmoja wa wimbo wa miguu. Alijiambia kwamba kumwimbia mama si kuimba. Mikono ya Bibi haikusimama hata kidogo.

"Wimbo una kasoro gani?" fundi akauliza.

"Unaimba miguu ya mwenzio wewe umekaa," Bibi akasema bila kuinua macho. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na tena si ulimwahidi?"

Fundi akarudi kwenye cherehani amenuna. Lakini wimbo ukishamwingia mtu ni kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu: kumtoa si rahisi.

Alhamisi ya wiki hiyo alikuwa na kazi ya heshima. Meneja wa lile duka alikuwa anamwoza binti yake Jumamosi, na Mama Pacha mwenyewe ndiye aliyempendekeza mumewe kwa kazi ya koti. Koti lilikuwa lile lile la harusi ya meneja. Tumbo ndilo lilikuwa jipya. Fundi alilifumua pande zote, akalipanua, akalitia ndani bitana mpya ya kijivu, nyororo. Bitana hiyo ilikuwa inateleza, chaki ya kawaida haikushika, hivyo akatumia chaki ya nta, ile isiyotoka kwa mkono wala kwa brashi mpaka ipitiwe na pasi ya moto.

Akiwa kwenye mshono wa mwisho, mistari ikamjia yote kwa mpigo. Hakuwa na kitambaa kingine karibu. Akafunua koti, akaandika upande wa kushoto, kutoka kwapani hadi kwenye mfuko wa ndani:

*Duka limeajiri miguu yangu,*
*mimi naisindikiza tu.*
*Bosi ana kiti kinachozunguka,*
*mimi nina kichwa kinachozunguka.*
*Siku miguu ikiomba likizo*

Hapo mfuko ukamzuia. Akajiambia atalipiga pasi sasa hivi, ushahidi utaisha. Akachomeka pasi. Umeme ukakatika.

Akaenda nyumba ya tatu kuazima pasi ya mkaa. Aliporudi nayo, mikono miwili, mkaa ukitoa cheche, kiango cha koti kilikuwa kitupu.

"Mama, koti liko wapi?"

"La meneja? Dereva wake amekuja kulichukua," Bibi akasema kwa fahari. "Nimelikunja mwenyewe, nikalifunga kwenye gazeti safi. Akasema nyumba hii ina ustaarabu."

Fundi akaiweka pasi chini. Aliketi, akasimama, akaketi tena. Bibi akamtazama kwa makini.

"Uliandika ndani yake," akasema.

"Niliandika."

"Maneno ya mkeo."

"Ya mke wangu."

"Basi," Bibi akasema, akivuta ungo wake karibu, "mwambie miguu yake ikiwa bado kwenye beseni. Hataweza kukukimbiza."

Ushauri huo ulikuwa mzuri lakini haukutosha. Mama Pacha alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaitoa miguu yake yote miwili kwa mara moja na maji yakafika mpaka mlangoni.

"Umeniandika kwenye tumbo la bosi!"

"Pembeni kidogo. Karibu na mfuko."

"Baba Pacha, usinichekeshe, nitalia! Miaka mitano nimenyamaza pale. Nimekosewa, nimenyamaza. Nimesingiziwa upungufu wa fedha, nimenyamaza. Unajua kwa nini? Kodi ya nyumba hii natoa mimi, na karo ya watoto natoa mimi. Wewe wimbo wako unatujengea madaraja ya mbao, nashukuru, lakini hatuli mbao!"

Fundi aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu atamani hata samani za nyumba yake zitazame pembeni.

"Kesho nitakwenda mwenyewe," akasema. "Nitasema sijalipiga pasi. Ambalo ni kweli."

"Nenda. Na ukifika usinisalimie."

Mlinzi wa duka alimtazama fundi viatu kabla ya kumtazama uso. Akamwambia meneja yuko kwenye kikao, asubiri pale kando ya vikapu. Fundi akaegemea rafu. Mlinzi akaja akamwambia rafu haziegemewi. Akataka kukalia kreti la soda lililogeuzwa. Mlinzi akaja tena.

"Mzee, hapa hakukaliwi."

Basi akasimama. Dakika kumi za kwanza alisimama kama mwanamume mwenye jambo lake. Dakika ishirini alianza kubadili mguu. Ilipofika nusu saa kiuno kilikuwa kinamwita kwa jina, na aligundua, kwa mshangao wa mtu wa miaka arobaini na mbili, kwamba maisha yake yote ya kazi alikuwa amekaa. Nyayo hazikumwuma hata kidogo. Magoti ndiyo yaliyomwuma. Yalitaka kukunjwa tu, basi, hata mara moja.

Mke wake alikuwa mashine ya nne. Hakumtazama. Alikuwa anapitisha bidhaa za watu, sabuni, sukari, madaftari, akitabasamu kwa kila mteja tabasamu la saizi moja. Mara kalamu yake ikamponyoka. "Samahani," akamwambia mteja, akachuchumaa nyuma ya kaunta. Alikaa huko kitambo kirefu kidogo kuliko kinachohitajika kuokota kalamu, kisha akainuka, uso umepata nuru. Fundi akadhani ni bahati mbaya. Baadaye kalamu ya mashine ya pili ikaanguka. Kisha ya sita. Kisha tena ya mke wake. "Samahani, kalamu imeanguka."

Hapo ndipo alipojiuliza swali ambalo wateja wa duka lile hawakuwahi kujiuliza: mashine inajichapia risiti yenyewe, kila kitu kinajiandika, keshia ana kalamu ya nini?

Akaanza kuhesabu. Kila kalamu ilipoanguka, keshia alikaa chini kwa hesabu ya tano. Moja, mbili, tatu, nne, tano, juu. Hakuna aliyezidisha. Magoti yanakunjwa, mgongo unapumua, mtu anainuka na kuomba samahani kwa uzembe ambao hakuufanya. Mke wake, mwanamke asiyewahi kuangusha hata kijiko nyumbani, alikuwa anajifanya mzembe mbele ya watu kutwa nzima ili apate kukunja magoti. Na hakuwahi kumwambia. Alileta nyumbani miguu, ikaoshwa mbele ya wote, lakini hili alilificha. Fundi, aliyedhani ameushika wimbo wote, akajiona ameimba kifuniko cha chungu.

Meneja akatoka hatimaye. Alikuwa mtu mnene, mwenye haraka, mwenye macho ya kukosa usingizi wa harusi.

"Fundi! Koti safi sana. Limenikaa kama nimezaliwa nalo."

"Bosi, nilikuwa naomba nilichukue mara moja. Halikupigwa pasi."

"Achana nalo, liko nyumbani limetundikwa. Wakwe wanafika jioni, nani atalitafuta?" Akageuka. Mlango wa ofisi ukabaki wazi kidogo, na fundi akakiona kile kiti. Kilikuwa cha mbao, miguu minne, na mto wake umefungwa kwa kamba. Hakikuzunguka kokote.

Jioni ile miguu ikiwa kwenye beseni, fundi akavunja sheria ya dakika kumi.

"Nimeiona kalamu," akasema.

Mama Pacha akawatazama watoto, akamtazama Bibi, kisha akatazama maji.

"Ulihesabu?"

"Mara kumi na moja, mashine yako peke yake."

"Leo wateja walikuwa wachache," akasema, na midomo ikamcheza kidogo. "Kwa nini umenyamaza? Sema basi."

"Sina la kusema. Nimesimama dakika arobaini, nimerudi nikalala chali. Nilikuwa naimba nisichokijua. Nisamehe."

Hasira ya mke wake, iliyokuwa imevimba tangu jana, ikapungua. Si kwamba iliisha. Lakini miaka mitano alikuwa amechuchumaa peke yake nyuma ya kaunta ile, na sasa kulikuwa na mtu mwingine anayejua. Alijisikia mwepesi, na akashangaa kuwa mwepesi siku moja kabla ya kufukuzwa kazi.

"Ni tano kwa sababu ya msimamizi," akaeleza. "Ukifika sita anakuja kuona. Dada wa mashine ya kwanza ndiye aliyetufundisha wote. Unapoajiriwa unapewa sare, halafu yeye anakupa kalamu. Yangu haina hata wino."

Fundi akainuka polepole, akaenda kwenye cherehani, akakanyaga bila kushona chochote. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akaanza kuimba chini chini kuhusu mwanamke anayechuchumaa.

"Usiseme 'nachuchumaa'," mke wake akamkatiza. "Hatusemi hivyo. Tunasema 'kalamu imeanguka'."

Akabadili. Akaenda mstari mwingine, akamtia bosi mwenye roho mbaya.

"Bosi mtoe. Bosi hayupo kwenye kalamu. Mle ni mimi na magoti yangu."

Akamtoa. Wakaenda hivyo, yeye akikanyaga, mke akikata na kuunganisha kutoka kwenye beseni, mpaka maji yakapoa:

*Kalamu imeanguka, mteja nisubiri,*
*moja, mbili, tatu, nne, tano.*
*Haijawahi kuandika neno, kalamu hii,*
*kazi yake ni kuanguka.*

Walipofika mwisho wakageuka wote kumtazama Bibi. Maharage yalikuwa yamemtoka mkononi yakatapakaa sakafuni, naye alikuwa amekaa tu, viganja vimefunguka.

"Huu usitoke kabatini mpaka mimi niseme," Mama Pacha akasema. Lakini usiku ule ndiye aliyeuimba akitandika kitanda.

Jumamosi harusi ikapita. Jumatatu ilikuwa siku ya mapumziko ya Mama Pacha, na saa nne asubuhi gari la meneja likasimama mbele ya kibaraza. Meneja akateremka mwenyewe, bila dereva, koti mkononi.

Fundi akasimama. Mke wake alikuwa anaanika nguo. Akabaki na shati lenye maji mikononi, likimdondokea miguuni. Bibi peke yake ndiye aliyekumbuka adabu.

"Karibu baba, karibu ukae," akasema, akamsogezea kigoda.

Meneja akakaa, magoti yakamfika kifuani. Akalifunua koti juu ya mapaja. Joto la mwili na ngoma za harusi lilikuwa limeyeyusha baadhi ya herufi, lakini nyingi zilikuwa pale pale.

"Nilivua koti nicheze na binti yangu," akasema. "Nikalitundika kwenye kiti, bitana ikiwa nje. Wakwe zangu wapya wamelisoma kabla yangu."

"Kwanza, kiti changu hakizunguki."

"Nimekiona, bosi," fundi akasema. "Nilikosea. Nilikiandika kabla ya kukiona."

"Pili, haya maneno ya miguu nimeyasikia yakisemwa dukani. Najua ni ya nani."

Fundi akafungua mdomo ajitwike lawama zote, lakini mke wake akawahi.

"Ni yangu," akasema. Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Kuyaandika ni kosa lake. Kuyasema ni mimi."

Meneja akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Na tatu, ubeti haujaisha. 'Siku miguu ikiomba likizo'... halafu nini? Nimekaa kwenye harusi ya mwanangu, watu wanatoa hotuba, mimi nafikiria miguu."

Fundi akamtazama mke wake. Alijua jibu lilikuwa la mkewe kutoa. Mama Pacha alilikamua lile shati mpaka tone la mwisho, akalitundika kambani, akapachika vibanio viwili. Alifikiria kodi. Alifikiria karo. Alifikiria dada wa mashine ya kwanza, aliyekuwa na miaka kumi na saba ya kalamu.

"Ule umekufa," akasema. "Mwimbie wa kalamu."

"Mama Pacha..."

"Mwimbie. Bora afukuze mtu anayemjua."

Fundi akakaa, kisha akajiona amekaa, akasimama. Akaimba wima, akikanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Hakuwa na sauti kubwa, na asubuhi ile ilikuwa ndogo zaidi, lakini alihesabu tano bila kuruka hata moja. Mpita njia mmoja akasimama barabarani. Wimbo ukaisha. Meneja alikuwa ameinama, anaivuta kamba iliyolegea kwenye msuko wa kigoda, anaivuta tu.

"Zangu zilikuwa funguo," akasema.

Hawakuelewa.

"Nilianzia mashine ya tatu. Miaka minane. Hatukuwa tunatumia kalamu sisi, tulikuwa tunaangusha funguo." Akacheka kidogo bila furaha. "Unadhani kwa nini msimamizi anaanza kuja mkifika sita? Nilimwambia mimi. Tano haziwezi kumdhuru mtu."

"Kumbe unajua," Mama Pacha akasema, na safari hii hakumwita bosi.

"Sheria ya viti si yangu. Wenye duka hata mimi sijawahi kuwaona, wanatuma karatasi tu." Akainuka kwa shida, akimpa fundi koti. "Lipige pasi." Alipofika kwenye gari akageuka. "Huo wimbo umeshautuma?"

"Bado," fundi akasema.

"Si mimi wa kukuambia utume," meneja akasema, akaondoka.

Waliuzungumza siku nzima. Bibi alisema mtu akisema vile ameomba. Mama Pacha alisema mtu akisema vile ameogopa. Jioni fundi akaurekodi kabatini, na Mama Pacha akaichukua simu yake, akabonyeza 'tuma' mwenyewe, kisha akaiweka chini haraka kama sufuria ya moto.

Kwa wiki mbili hakuna kilichobadilika isipokuwa wateja. Kalamu ikianguka, mtu alisema kutoka kwenye foleni, "Itafute taratibu, dada, hatuna haraka." Mzee mmoja aliyekuja kununua betri alihesabu kwa sauti, akapita tano kwa makusudi mpaka kumi na tano, na foleni nzima ikamwitikia. Msimamizi alikwenda kutazama rafu za mbali. Kisha, asubuhi ya Ijumaa, viti virefu sita vya mbao vilikutwa nyuma ya mashine sita, kila kimoja kimebandikwa karatasi yenye mwandiko wa meneja: *Kiti cha mteja mgonjwa au mzee. Keshia akitunze.* Dada wa mashine ya kwanza aliisoma ile karatasi mara mbili. Akakitazama kiti, akakifuta vumbi, akakitunza kwa kukikalia.

Jioni hiyo Mama Pacha alifika nyumbani, akavua viatu, akalipita beseni. Pacha walikuwa tayari na maji, wakabaki wamelishikilia. Alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani, akatoa kalamu mfukoni mwa sare, ile isiyo na wino, kifuniko kimepasuka kwa kuanguka, akaiweka juu ya kitambaa alichokuwa anashona mumewe.

"Leo haikuanguka hata mara moja," akasema.